Tone Zima

Siku Mzee Sekunde alipoupinda mshale wa saa ya watu akidhani anaunyoosha, ndipo mkewe alipojua kwamba mambo yameharibika.

Saa yenyewe ilikuwa ya ukutani, mali ya mwalimu mstaafu wa jirani, imeletwa kupanguswa vumbi tu. Fundi aliifungua, akaitazama kwa jicho lake la kushoto, akasonya. Akasema watu wa siku hizi wanatunza saa kama wanavyotunza ndoo za maji. Akachukua kibanio, akaanza kuunyoosha mshale mrefu. Ananyoosha, anarudi nyuma kidogo, anatazama, ananyoosha tena. Mkewe alikuwa akipita na beseni la nguo, akasimama mlangoni mwa chumba cha kazi. Mshale ulioletwa ukiwa hauna kasoro, sasa ulikuwa na kiwiko.

"Baba," alisema taratibu, "unafanya nini?"

"Nanyoosha mshale. Huoni ulivyopinda?"

"Ulikuwa umenyooka, baba."

Fundi alikuja juu. "Tangu lini wewe umekuwa fundi? Mshale umepinda mchana kweupe, unaniambia umenyooka!" Alimaliza kusema, kisha jicho lake likaenda kwenye mwimo wa mlango, pale pale mkewe alipokuwa amesimama. Aliutazama mwimo ule kutoka juu hadi chini. Halafu akautazama ukingo wa meza, na fremu ya dirisha. Hasira zikamwisha zote kwa mpigo.

"Na mlango pia umepinda," alisema. "Na dirisha."

Mkewe alitua beseni. 

Mtaa ulimpa jina la Mzee Sekunde kwa sababu alikuwa mtu wa kukukosoa ukimwambia "kama saa nne hivi". Hivi ni nini? angekuuliza. Ni saa nne au si saa nne? Mkewe naye wakamwita Bi Dakika, kwa maelezo kwamba kila anachotaka mumewe kifanyike kwa sekunde, yeye hukifanya kwa dakika, na kinatoka kizuri zaidi. Wenyewe walicheka, na majina yakaganda. Chumba cha kazi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, dirisha likitazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ya mbao yenye ukingo ulioinuliwa ili vipande visidondoke, taa ya shingo ndefu, lenzi ya kubana jichoni, bisibisi nyembamba kwenye kopo, na kijikombe cha mafuta pamoja na kijiti chake cha chuma. Saa ziligonga kutoka kila ukuta. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alidhani atapata wazimu.

Kisukari alikuwa nacho miaka na miaka. Aliishi nacho kama mtu anavyoishi na mpangaji mkorofi: hampendi, hamfukuzi, na akinyamaza anamsahau. Vidonge alimeza alipokumbuka. Chai ya sukari aliiacha nyumbani, akaenda kuinywa kwa jirani. Jicho la kulia lilikuwa limeshakwenda zamani. Damu ilivuja ndani yake asubuhi moja akiwa anaoga, na ukawa ndio mwisho wake. Kwa kuwa lenye kazi lilikuwa la kushoto, lile la lenzi, alijipa moyo kwamba Mungu amechukua lile lisilo na ajira. Huo ndio mzaha aliowapa watu. Bi Dakika aliucheka mara ya kwanza tu.

Sasa lililobaki ndilo lililokuwa linaona milango imepinda.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa umri wa binti yao wa mwisho, mpole, mwenye sauti ya kutuliza watu. Alimkalisha fundi mbele ya mashine, akapiga picha ya nyuma ya jicho, kisha akageuza kioo cha kompyuta ili waone wote.

"Mzee wangu, nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha. Sukari imeharibu mishipa midogo inayoulisha. Inavuja, na utando umelowa. Hapa katikati ndipo mtu anapoonea vitu vidogo, na panatakiwa pawe na kibonde. Wewe una kilima."

"Ndiyo maana vitu vinapinda?"

"Ndiyo maana. Na nyuso za watu unazionaje?"

Fundi alisita. "Katikati pana moshi," alisema. "Watu nawajua kwa sauti."

Bi Dakika alimgeukia. Alikuwa analala na mtu huyu kitanda kimoja, anakula naye meza moja, na neno hilo analisikia leo kwa mara ya kwanza, tena linaambiwa mtu mwingine.

Daktari akaeleza kwamba wengi wenye hali hiyo huchomwa sindano ndani ya jicho lenyewe. Fundi akaanza kupangusa viganja kwenye suruali. "Lakini," daktari aliendelea, "wewe umetoka kwenye kiharusi juzi tu, mguu bado unauburuta. Sindano hiyo inaweza kukurudishia kiharusi, sipendi kukupa kwa sasa. Tutajaribu dawa ya matone, ya kutuliza uvimbe. Nikwambie ukweli wote: haimfai kila mtu, na wengine inawapandishia presha ya jicho, kwa hiyo utakuwa unakuja nikupime. Ila wapo ambao kilima kimeshuka."

"Kikishuka, nitarudi kwenye saa zangu?"

"Kikishuka mapema, inawezekana. Kikikaa sana kinaua chembe za kuonea, na zile zikifa hazioti tena."

"Daktari," fundi alisema, na safari hii hakuwa na mzaha, "mimi bila ile meza si mtu."

Bi Dakika alijua kwamba hiyo haikuwa lugha ya kutia huruma. Mumewe hakuwa mtu wa vijiwe, hakucheza karata, siasa hakuijua, na ukimwambia apumzike alikuwa anakwenda kupumzika pale pale kwenye kiti cha kazi. Ukiondoa saa, ndani ya mtu yule usingejua pa kuanzia. Alimtazama akisikiliza maelekezo ya muuguzi, shingo imenyooka kama mtoto wa shule: tikisa chupa, vuta kope la chini, tone moja, asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala. Akayarudia maelekezo yale bila kukosa hata moja.

Hapa inabidi kwanza mfahamu jambo moja kuhusu mafundi saa. Mafundi wa magari wanamimina mafuta, wa mashine za kushonea wanadondosha, lakini fundi saa anagusa tu. Anachovya ncha ya kile kijiti kwenye kijikombe, anachukua mafuta ambayo wewe na mimi tungesema hayapo, na kuyaacha kwenye tundu ambalo wewe na mimi hatulioni. Yakizidi yanatambaa, yanashika vumbi, yanageuka gundi. Mzee Sekunde alikuwa na hotuba yake juu ya hilo, na wateja waliijua kwa moyo: saa nyingi zinazoletwa hapa zimeuawa na mafuta mengi, si machache. Watu walimtania kwamba ana mkono wa birika. Yeye aliona ni sifa.

Basi walipofika nyumbani aliibinya ile chupa, akaacha tone moja limdondokee kidoleni alipime. Alilipeleka huku na huku chini ya taa. Alishtuka kwa dhati.

"Mama, hebu njoo uone. Hili wanaliita tone? Hii ni ndoo!"

"Si wamesema tone moja?"

"Wamesema hivyo kwa sababu chupa imetengenezwa kwa watu wasio na mikono. Watie robo jichoni, robo shavuni, nyingine kwenye shati. Mimi mkono ninao."

Na kweli alikuwa nao, kiharusi kilichukua mguu kikauacha mkono. Alitafuta kijikombe kipya cha kioo na kijiti kipya, akavichemsha. Asubuhi alidondosha humo tone moja la dawa, akalifunika. Kila wakati wake ulipofika alichovya ncha, akavuta kope la chini, akagusa ukingo wake, basi. Tone moja lilimtosha kutwa nzima. Chupa hakuitikisa, maana mafuta yakitikiswa yanaingia mapovu, na fundi gani anayejiheshimu anatia mapovu?

Bi Dakika alimtazama akifanya hivyo na moyo wake ukajaa. Kioo hakukihitaji, mkono hautetemeki, ungedhani ni bibi harusi anatia wanja. Alikuwa ameoana na mkono ule kabla hajaoana na mtu mwenyewe, na kuuona ukilitunza jicho kwa ustadi ule kulimpa imani kubwa. Kila alipokwenda dirisha la dawa kuchukua chupa nyingine, aliiweka kwenye droo ikiwa na lakiri yake. Jirani alipomuuliza habari za mgonjwa, alijibu kwamba mume wake anatia dawa kuliko hata madaktari wenyewe.

Tena si dawa peke yake. Vidonge alivimeza kwa wakati. Chai ya jirani aliiacha, mpaka jirani akadhani wamekosana. Alitembea kila asubuhi hadi mwisho wa barabara na kurudi, akiuburuta mguu, akisalimia sauti. Mwenye roho mbaya kuliko wote asingeweza kusema kwamba mtu huyu hakujitahidi.

Walipoitwa tena kliniki, walivaa vizuri. Daktari alipiga picha, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akazilinganisha.

"Kimeongezeka," alisema mwishowe. "Nasikitika, mzee wangu. Nilikwambia haimfai kila mtu. Dawa hii imekukataa. Ni bora tuiache nisije nikakupandishia presha ya jicho bure. Ile sindano tutaizungumza mwakani, daktari anayekutibu kiharusi akiruhusu."

"Mwakani," fundi alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Mwakani nitakuwa naona nini?"

Daktari alianza kuandika kwenye faili. Fundi aliinamisha kichwa, akaitazama mikono yake iliyokaa mapajani, kama anaiuliza itakula wapi. Bi Dakika alishindwa kuvumilia. Aliona mumewe anahukumiwa kama wale wazembe wanaosahau dawa juu ya kabati, na damu ikamchemka.

"Daktari, nisamehe, mwanangu, lakini si kwamba amekosea. Huyu hajaruka hata siku moja! Mimi mwenyewe namwona kwa macho yangu. Hamwagi hata chembe. Anachovya kile kijiti chake cha mafuta, anagusa hapa, kwisha. Chupa ya kwanza kabisa hadi leo haijafika nusu!"

Alisema hayo kwa fahari, kidole bado kiko chini ya jicho lake mwenyewe kuonyesha mahali.

Daktari aliweka kalamu chini. "Kijiti gani, mama?"

Fundi alikuwa nacho. Alikitoa mfukoni mwa shati, kimeviringishwa kitambaa safi, pamoja na kijikombe chake. Akaonyesha. Mkono ulikuwa mzuri, mwepesi, na muuguzi aliyekuwa pembeni akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyecheka. Daktari aliomba kijiti, akakitazama ncha, akakirudisha mezani taratibu sana.

"Mzee wangu," alisema, "ulichokuwa unatia ni unyevu. Dawa hujaianza."

"Tone moja ni kubwa mno. Linamwagika lote."

"Tunajua linamwagika. Jicho lina machozi, linaisukuma dawa nje, nyingine inashuka puani. Tone limepimwa pamoja na kumwagika kwake. Ile inayobaki ndiyo inayosafiri mpaka nyuma, na ni kidogo sana. Wewe ulikuwa unagusa mlangoni tu. Na chupa usipoitikisa, dawa yenyewe inalala chini, unachovya maji."

Saa ya ukutani ya chumba kile ilikuwa mbele kwa dakika kadhaa. Kwa kawaida Mzee Sekunde angeshasema. Leo aliuliza jambo moja tu.

"Na muda uliopita?"

"Huo umekwenda, mzee. Lakini dawa siifuti. Tunaanza leo."

Njiani Bi Dakika alitembea nyuma yake hatua chache na moyo unamuuma kwelikweli. Alikumbuka kila mara aliposimama mlangoni akimsifu. Neno moja tu, hata la kijinga, hata la kuuliza, lingetosha: mbona hawa walisema tone? Hakulisema kwa sababu alimwamini kupita kiasi. Na mtu ukimwamini kupita kiasi, kumbe unaweza kumwacha apotee huku unampigia makofi. Alijichukia.

Nyumbani fundi alishika chupa, akaitikisa, akainamisha kichwa nyuma, akabinya. Hakikutoka kitu. Akabinya tena. Vidole vilifika mahali pa kuachia tone vikagoma. Mkono uliofunzwa ujana wote kuzuia haukujua kumwaga. Alijaribu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso, mwishoni akainyoosha chupa kuelekea ilipokuwa sauti ya mkewe.

"Nitie wewe."

Mtu huyu hakuwahi kumruhusu mtu hata kumfunga kifungo alipokuwa na kiharusi. Bi Dakika aliketi kitandani, akamlaza kichwa mapajani mwake, akavuta kope la chini. Tone likaanguka lote, zima, likajaa jichoni, likafurika hadi sikioni.

"Imemwagika!"

"Acha imwagike."

"Nusu nzima imekwenda, mama!"

"Iende. Funga jicho. Usipepese."

Alishika shuka kwa mikono yote miwili kama anang'olewa jino. Hivyo ndivyo walivyoendelea, asubuhi, mchana, jioni na wakati wa kulala. Fundi alilalamika kila mara. Alisema anazamishwa, alisema mto unaona vizuri kuliko yeye kwa dawa unayokunywa, alisema Bi Dakika ameolewa na yeye ili amfilisi. Lakini kichwa alikileta mwenyewe wakati wake ulipofika, bila kuitwa, na zile chupa za kwenye droo zikaanza kupungua.

Safari iliyofuata kliniki, daktari aliwaita waangalie picha kabla hata hajaketi. Kilima kilikuwa kimeshuka. Hakikuisha, ila kimeshuka. Presha ya jicho ilikuwa imepanda kidogo, akasema ataiangalia. Alimwonyesha fundi ubao wa herufi, naye akasoma mstari, akasoma wa chini yake, akaingia wa tatu na kukwama katikati. Muuguzi alipiga kofi moja, akajizuia.

"Na mezani?" fundi aliuliza.

"Usinidai nisichoweza kuahidi," daktari alisema. "Kaa pale ujaribu. Jicho lenyewe litakwambia."

Alijaribu alasiri ile ile. Alibadili shati, akafuta meza, akawasha taa, akachagua saa ndogo ya mkononi ambayo mteja mwenye nayo alishasahau kwamba aliiacha. Bi Dakika alisimama karibu na dirisha. Hakutaka kuonekana anasubiri, akawa anakunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Fundi alibana lenzi jichoni. Akafungua kifuniko, akatoa gurudumu dogo, akalipangusa, akalishika kwa kibanio ili alirudishe mahali pake. Ncha ya gurudumu lile inakaa kwenye tundu ambalo chembe ya chumvi ingeliziba.

Ilikaribia, ikapita pembeni. Ikakaribia tena, ikapita. Alihamisha taa. Alibadili kiti. Aliegemeza kiwiko, akavuta pumzi, akajaribu kwa namna ambayo Bi Dakika hakuwahi kuiona, kichwa upande, kama anasikiliza. Gurudumu likaangukia mezani na kuzunguka mpaka likatulia.

Alivua lenzi.

"Gurudumu naliona," alisema. "Tundu silioni. Katikati pamebaki alama. Haitatoka hiyo."

"Labda kesho, baba. Ukiwa umepumzika."

"Hapana, mama." Alisema bila uchungu wowote, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Alivirudisha vipande kwenye kisahani, akakifunika, akazima taa. "Kazi nimeifunga. Nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa ubahili."

Alikaa na mikono juu ya meza tupu. Bi Dakika akaanza kulia.

Alilia kwa namna aliyoizoea. Tangu siku ile daktari alipouliza habari za nyuso, alijua kwamba mumewe akimtazama anaona moshi mahali uso ulipo, na tangu siku hiyo alijipa ruhusa. Alilia mezani mbele ya sahani zao. Alilia akimtia dawa, akigeuza kichwa tu ili yasimdondokee. Machozi yalijishukia yenyewe, na yeye alichojifunza ni kuishikilia sauti: sauti ikibaki sawa, hakuna kilichotokea. Ilikuwa ndiyo faragha yake pekee katika nyumba ile, na hakuona kwamba inamkosea mtu.

"Nikuletee chai?" aliuliza sasa, sauti imenyooka, mashavu yanachuruzika.

Fundi alikuwa amegeuka kwenye kiti. Alimtazama, si upande wa bega wala wa sikio kama alivyozoea kutazama watu siku hizi, alimtazama usoni moja kwa moja, na hakuondoa jicho.

"Mama," alisema, "mbona unalia?"

Bi Dakika alisimama na kitambaa mkononi.

"Unalia hivyo, halafu unaniuliza chai?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Siku zote hizi ulikuwa unalia?"

Alitikisa kichwa kukubali. Naye akauona mtikiso ule.

"Mimi nilikuwa naisikia sauti yako tu," fundi alisema. "Najiambia, mke wangu kajikaza kweli, ngoja na mimi nijikaze. Kumbe tulikuwa tunadanganyana."

Aliinuka, akauburuta mguu kuizunguka meza hadi dirishani penye mwanga. Akamshika kidevu, akauinua uso ule akautazama wote, mikunjo, kope, mvi mbili tatu zilizoota kwenye nyusi asizozijua. Kisha akamfuta shavu kwa kidole gumba, upande mmoja, halafu mwingine, na hakukosa mahali.